Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu, kuhusu jambo dogo la Katiba

Kwako Mheshimiwa Sana Mbunge wa Jimbo letu, Mjumbe wa zamani wa Bunge Maalumu la Katiba, Mlezi wa Vikundi vyote vilivyosajiliwa na visivyosajiliwa, Mgeni Rasmi wa Kudumu.

YAH: SHUKRANI ZA DHATI, PAMOJA NA OMBI MOJA DOGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo, Mheshimiwa.

Nimetanguliza shikamoo ingawa mama yangu mzazi anashikilia kwamba mimi na wewe tulizaliwa masika moja, na kwamba zamani, ulipokuwa ukija kuchota maji kisimani kwetu, uliniita kaka. Mama amezeeka. Hajui kwamba cheo nacho kina miaka yake, na kwamba mtu akishaapishwa huwa mkubwa wa wote waliomtangulia kuzaliwa. Basi shikamoo yangu naiacha hapo mezani kwako. Uiitikie ukipata nafasi. Na usipoipata nitahesabu kuwa umeitikia, maana kwa muda wote huu tumejifunza kwamba ukimya wako ndiyo dalili kuwa umetusikia.

Natumaini u mzima wa afya, mama hajambo, watoto hawajambo huko wanakosoma, dereva hajambo, na gari jipya nalo halijambo. Sisi huku hatujambo sana. Vumbi uliloliacha ulipopita mara ya mwisho limekwisha kutulia. Sehemu kubwa ilitua juu ya dagaa wa kina mama pale karibu na stendi ya zamani, wakaipokea kama salamu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu. Najua hutukumbuki, Mheshimiwa, wala sikulaumu. Mtu aliyebeba jimbo zima kichwani atawakumbukaje watu wenye turubai mbili, viti vya plastiki, masufuria makubwa, majembe, na sanduku la chuma lenye kufuli tatu? Funguo za sanduku hilo ziko kwa watu watatu ambao hawapatani, na hiyo ndiyo siri ya fedha zetu kuwa salama. Katiba tunayo pia. Tuliiandika wenyewe kwenye kaunta buku, kurasa sita, mwandiko wangu, baada ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kutuambia kwamba pasipo Katiba hapana usajili. Lakini leo sikuandikii juu ya hiyo. Nakuandikia juu ya ile kubwa, ya mwaka 1977, ambayo funguo zake zote mnazo ninyi.

Naomba nianze na shukrani kwa huruma yenu. Kuanzia mwaka 1977 hadi 2005 Katiba hiyo imefanyiwa mabadiliko mara 14, na katika mara zote hizo hakuna hata mmoja wetu aliyepigwa jua kwenye foleni ya kura kwa ajili hiyo. Ibara ya 98 imewatwika ninyi mzigo wote: theluthi mbili ya wabunge wote wakikubali, imebadilika, na kwa yale mambo mazito yanayogusa Muungano, theluthi mbili ya wabunge wa kutoka Bara na theluthi mbili ya wa kutoka Zanzibar. Hesabu hiyo yote mnaipiga ndani ya ukumbi, penye kiyoyozi, tena kwa niaba yetu. Sisi huamka asubuhi tukakuta nchi imekwisha kurekebishwa. Wenzetu wa Zanzibar hawakubahatika hivyo. Walipotaka kuibadili Katiba yao ili iwepo Serikali ya Umoja wa Kitaifa, waliitwa kwenye kura ya maoni, tarehe 31 Julai 2010, wakaulizwa mmoja mmoja. Nawapa pole kwa usumbufu.

Nisije nikawa mwizi wa fadhila, kwa hiyo niseme kwamba yapo mliyoyafanya ambayo hata mtu mwenye roho mbaya atayakubali. Mabadiliko ya mwaka 1984 yalituletea haki za binadamu ndani ya Katiba, yakaweka na ukomo wa vipindi viwili kwa Rais. Ni kweli kwamba haki zenyewe ziliandikwa 1984 zikaambiwa zisubiri hadi 1988 ndipo mtu aweze kuzipeleka mahakamani, lakini haki ni jambo geni, haifai kumwagiwa mtu ghafla. Ya mwaka 2005 yaliinua viti maalumu vya wanawake visipungue asilimia 30. Hayo tunayashukuru bila kicheko.

Na sasa, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba msaada wa hesabu. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza kama tunataka chama kimoja au vyama vingi. Asilimia 80 hivi ya waliotoa maoni wakasema chama kimoja kiendelee. 20 wakasema vingi. Mkawasikiliza wale 20, na mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa. Mlifanya vema, wengi wetu tunakiri hivyo leo. Mwaka 2013 Tume ya Jaji Warioba ikaeleza kwamba kwa upande wa Bara, kati ya waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 walitaka serikali tatu. Wale nao mkawaacha. Nimekaa na kaunta buku langu nikatafuta kanuni, sikuipata. Ukiwa 80 husikilizwi, ukiwa 61 husikilizwi, ukiwa 20 unasikilizwa. Naomba, kama si siri ya serikali, unitajie asilimia inayofaa, ili siku nyingine mkituuliza tujipange kwa idadi hiyo na wengine wabaki nyumbani.

Nawashukuru pia kwa subira mliyoionyesha katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, Mungu amrehemu. Alikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba raia aweze kugombea bila kupitia chama chochote. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira akakubaliana naye. Mtu asiyewajua angedhani jambo limekwisha. Ninyi, kwa upole, mwaka ule ule mkaibadili Katiba yenyewe ili isikubaliane na hukumu. Mchungaji akarudi tena. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa tena haki. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge, ndiyo kusema likarudi kwenu, mahali lilikotoka. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo kwa bahati ipo Arusha, hivyo hata nauli haikuwa kubwa. Tarehe 14 Juni 2013 akashinda. Mpaka leo mgombea binafsi hajaonekana kwenye karatasi ya kura. Na ili Mahakama ile isiendelee kuchoka kwa kesi zetu, mwaka 2019 serikali ikaondoa lile tamko lililomruhusu raia kwenda kwake moja kwa moja. Huruma yenu, kumbe, haiishii kwetu. Inawafikia hata majaji wa Afrika nzima.

Hapa kikundini, samahani kwa ushamba wetu, mwenyekiti wa sasa aligombea peke yake bila kutumwa na yeyote. Tulimwuliza tu kama ana mkopo nje.

Lakini kati ya ibara zote, Mheshimiwa, ninayoipenda ni ya 41, kile kifungu kidogo cha saba. Naisoma jioni kabla ya kulala. Inasema, kwa lugha tamu ya Kiswahili, kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Tazama utulivu uliomo humo. Diwani wa kata yangu anaweza kushtakiwa. Wewe mwenyewe, kwa heshima zote, matokeo yako yanaweza kupingwa Mahakama Kuu. Kuku wangu akiibwa, mahakama ya mwanzo itamchunguza aliyemla. Kiti kikubwa kuliko vyote ndicho kisichosumbuliwa. Mwaka 2020 Mahakama ile ile ya Arusha ilisema kifungu hiki kinavunja Mkataba wa Afrika, lakini hao ni wageni, hawajui usingizi wetu.

Katika mabadiliko ya mwaka 2000 mlitupunguzia na mahesabu. Zamani Rais alitakiwa apate zaidi ya nusu ya kura; ninyi mkaona nusu ni mbali, mkasema inatosha ampite aliye nyuma yake. Mkampa na nafasi ya kuteua wabunge hadi kumi, wasiosumbuana na wapiga kura. Na mwaka 2024 Tume ya Uchaguzi mkaiongezea neno Huru katika jina lake, kwa sheria ya kawaida, Katiba hamkuigusa. Kazi safi. Sijawahi kuona uhuru ukipatikana kwa gharama ndogo namna hiyo.

Ukifika hapa, kijana msaidizi wa Mheshimiwa, maana najua ni wewe unayesoma, unaweza kunywa chai kwanza. Tunajua Mheshimiwa husomewa kwa muhtasari. Katika muhtasari wako andika tu kwamba wananchi wanashukuru. Zile barua zetu za daraja nazo najua uliziandikia hivyo hivyo, na hatuna kinyongo. Mtoni tunavua viatu.

Naendelea, Mheshimiwa. Niruhusu nikueleze namna sisi tulivyoibadili Katiba yetu, ili ucheke kidogo baada ya kazi. Ilikuwa ni kuhusu wakwe. Katiba yetu ilisema mwanachama akifiwa na mzazi, mwenzi au mtoto, atapewa rambirambi ya shilingi laki tatu, turubai, na watu wa kuchimba. Wakwe hawakutajwa. Mzee mmoja, fundi saa, akafiwa na mama mkwe, akaja kudai. Mweka hazina akasema Katiba haimtambui mama mkwe. Fundi saa akasema mama mkwe naye hakuwahi kuitambua Katiba lakini amekufa vile vile.

Tukaitana barazani kwa balozi. Mama muuza vitumbua akasimama na beseni lake akasema tukiwaingiza wakwe, wenye wake wawili watakuwa na wakwe wanne, na yeye mjane atakuwa anachangia wakwe wa wanaume wa mtaa mzima hadi kiama. Mabishano yakawa makali. Mtu mmoja akarusha kandambili, haikumpata aliyekusudiwa. Kuna aliyependekeza viongozi waachiwe waamue wenyewe, wanachama wote wakamgeukia kwa pamoja, mpaka akaomba radhi. Jua likazama. Mwisho tukakubaliana mkwe azikwe kwa turubai na majembe, fedha zitoke nusu, na kila mwanachama atamke wakwe wangapi anao wakati wa kujiandikisha. Tukanyoosha mikono, wote, nikaandika, wakasaini. Wasiojua kusaini wakaweka dole gumba. Vitumbua vikauzwa vyote. Lakini huo ni ushamba, Mheshimiwa: mchana mzima, watu wote, kwa ajili ya mama mkwe wa mtu mmoja, wakati watu wenye akili wangemaliza kwa theluthi mbili.

Nimekueleza hayo ili uelewe tulivyofurahi tuliposikia kwamba nanyi mmeamua kutushirikisha. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ikatungwa mwaka 2011, Tume ya Jaji Warioba ikaanza kazi 2012, ikatukuta hapa hapa. Sisi tulitoa maoni. Mama wa vitumbua alitaka viongozi watangaze mali zao hadharani. Fundi saa alitaka mbunge asiyefanya kazi aondolewe na waliomchagua kabla ya miaka mitano, na naamini alikuwa anafikiria jimbo lingine kabisa. Tume ikayaandika, ikatoa rasimu ya kwanza Juni 2013, ya pili Desemba ule ule mwaka, na Februari 2014 ninyi mkaenda Dodoma kama Bunge Maalumu kuijadili.

Tulikuwa tunawasikiliza redioni kila siku. Tulisikia posho ya mjumbe ni shilingi 300,000 kwa siku, na tukawasikia baadhi yenu wakieleza, kwa uchungu, kwamba haitoshi. Siku hiyo mweka hazina wetu alizima redio akabaki kimya, kisha akasema: laki tatu ni rambirambi yetu ya msiba mmoja mzima. Kwa hesabu ya kikundi, Mheshimiwa, kila siku uliyokaa Dodoma ulikuwa umefiwa. Ndipo tukaelewa kwa nini mlikuwa na huzuni namna ile. Pole sana, na utusamehe kwa kuchelewa kuja kukuhani.

Mkajadiliana wiki kwa wiki kama kura yenu iwe ya siri au ya wazi, mkakata shauri kwamba kila mtu achague mwenyewe. Aprili wenzenu wa upinzani, waliojiita UKAWA, wakatoka ukumbini wasirudi, nanyi kwa moyo mkuu mkaendelea kusikilizana wenyewe kwa wenyewe. Siku ya kupiga kura ilipofika, wajumbe waliokuwa nje ya nchi, wengine wakiwa Hija, waliruhusiwa kupiga kura huko huko waliko. Jambo hilo lilinitoa machozi. Mjumbe aliye Makka amepiga kura juu ya Katiba yetu, na mimi niliye mtaa wa pili kutoka ofisi ya kata bado naisubiri zamu yangu.

Tarehe 2 Oktoba 2014 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa. Tarehe 8 ikakabidhiwa kwa shangwe, uwanja wa Jamhuri, Dodoma. Mapendekezo ya mama wa vitumbua na ya fundi saa hayakuonekana ndani yake. Nadhani yalipotea njiani, barabara ile ina mashimo. Kura yetu sisi ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, Bara peke yake zaidi ya nusu wakubali, na Zanzibar peke yake zaidi ya nusu wakubali. Nakala moja tukapewa na Mtendaji. Fundi saa akapiga pasi kanzu. Tarehe 2 Aprili Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba kura imeahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine mpya haujakamilika.

Daftari lilikamilika, Mheshimiwa. Oktoba ule ule wa 2015 lilitumika kukuchagua wewe, likafanya kazi vizuri sana. Tangu hapo hatujatajiwa tarehe nyingine. Mwaka 2022 Kikosi Kazi cha Profesa Mukandala kikakusanya maoni, yakiwemo ya Katiba, na tukakumbushwa yale tuliyokwisha kuyasema. Mwaka 2023 serikali ikaeleza kwamba kwanza tupewe elimu ya Katiba kwa miaka mitatu. Tunashukuru. Mwaka 2012 tulikuwa na akili za kutosha kutoa maoni kuhusu nchi nzima. Kufika 2023 tukawa hatujui kitu. Hatufahamu ni ugonjwa gani uliotupata hapo katikati, lakini elimu haina mwisho.

Sasa naomba nifike kwenye ombi.

Nakala ile ya Katiba Inayopendekezwa tuliiweka kwenye sanduku la chuma, pamoja na kaunta buku na mhuri, tukafunga kufuli zote tatu. Juzi tulipofungua kutoa fedha za msiba tuliiona bado ipo, imelala chali, jalada limeanza kuachia. Mweka hazina akauliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: huyu ni mzima au ni marehemu? Haijakataliwa na wananchi, kwa hiyo hatuwezi kusema imekufa. Haijakubaliwa, kwa hiyo hatuwezi kusema inaishi. Haitajwi kwenye mikutano yako. Hakuna aliyekuja kuihani. Mjane mmoja akasema hata eda ina hesabu yake, miezi minne na siku kumi, mtu akatoka akaendelea na maisha. Sisi tumewekwa ndani mwaka hadi mwaka kwa ajili ya mume ambaye hatukuwahi kuolewa naye. Maana hilo ndilo linalotuzuia, Mheshimiwa. Kila tukitaja Katiba mpya tunaambiwa kuna ile nyingine bado ipo.

Sisi ni kikundi cha kufa na kuzikana. Kazi yetu ni moja, na kwa heshima zote, hakuna taasisi nyingine nchini yenye uzoefu wetu. Kwa hiyo mkutano mkuu umeniagiza nikuombe, kwa magoti, kibali cha kuizika.

Usihangaike na maandalizi. Fundi seremala wa mtaa amekwisha chukua vipimo. Amesema kwa ukubwa wa karatasi ile jeneza litatoka kwenye mbao zilizobaki za kabati. Wanachama Waislamu waliona ifungwe sanda na izikwe siku hiyo hiyo. Wakajibiwa kwamba kwa muda ambao imekaa juu ya ardhi haraka haina maana tena. Tumekubaliana itumike sanda ndani ya jeneza, kwa ajili ya Muungano. Kichwa kitaelekea Dodoma. Wasifu wa marehemu nimeuandika mimi mwenyewe: alizaliwa Dodoma tarehe 2 Oktoba 2014, akakabidhiwa kwa wazazi akiwa na siku sita, akaugua ghafla tarehe 2 Aprili 2015 akiwa na miezi sita kamili, ugonjwa wa daftari. Hakuacha mtoto. Ameacha mkubwa wake wa mwaka 1977, ambaye tunamwombea afya.

Wewe, Mheshimiwa, ndiwe mfiwa mkuu. Ulikuwepo ikizaliwa, ulisimama ikipitishwa, na siku ya kampeni ulituambia jukwaani kwamba uko pamoja nasi katika kufa na kuzikana, nikakuandika kwenye kaunta buku kuwa mwanachama kuanzia siku hiyo. Ada hujalipa, lakini mkutano umeisamehe. Utakaa kwenye mkeka pale mbele, utapewa mkono, na utakabidhiwa rambirambi ya laki tatu taslimu. Najua ni posho ya siku moja tu na kwamba haitoshi.

Lipo tatizo la kisheria. Mtendaji anasema kibali cha mazishi kinatolewa kwa binadamu, na hakuna sheria inayomruhusu raia kuzika Katiba. Ndiyo maana nimekuja kwako wala sikwenda kwa daktari. Tunaomba upeleke bungeni Mabadiliko ya Kumi na Tano, ya ibara moja tu, mtupitishie kwa theluthi mbili zenu kama kawaida bila kutusumbua. Nimeiandika tayari ili wanasheria wenu wapumzike: itakuwa ni halali kwa kikundi chochote kilichosajiliwa kuizika Katiba yoyote iliyopendekezwa kisha ikaachwa, na iwapo Katibu wa kikundi ametangaza kwamba mazishi yamefanyika kwa mujibu wa ibara hii, basi hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuzikwa kwake.

Utakapokuja, Mheshimiwa, naomba msafara upitie barabara ya juu ili vumbi lisiingie kwenye pilau. Fulana zisiletwe, hakuna atakayezivaa siku hiyo. Na kama itaonekana kwamba marehemu kumbe yu hai, tunaomba tujulishwe kwa maandishi na tarehe ya kura itajwe humo, mapema iwezekanavyo, kwa sababu mchele umekwisha nunuliwa.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kikundi cha Kufa na Kuzikana cha Mtaa

Nakala:
Mtendaji wa Kata – kwa taarifa
Watunza funguo, wote watatu – kwa taarifa
Fundi seremala – kwa utekelezaji